Twins mmeuza bulpeni nzima ndani ya siku mbili, leo mnatuambia tusubiri watoto wakue

Wakuu salama? Mimi sio salama. Huu uzi ni wa hasira, kwaiyo kama wewe ni wale wa "tuwe wavumilivu tuna vijana wazuri wanakuja" bora upite tu, maana hiyo kauli ndo imenileta hapa.

Naishi Minnesota, timu yangu ni Minnesota Twins, na najua humu wengi mnafuata mpira wa miguu, kwaiyo nielezee kidogo tu. Besiboli ina iningi 9. Mrushaji anayeanza siku hizi anaenda iningi tano sita mkono umechoka, zilizobaki wanamalizia warushaji wa bulpeni mmoja mmoja, na yule wa mwisho kabisa ndo anaitwa klosa. Bulpeni ikiwa mbovu unaweza ukawa unaongoza 4-1 iningi ya saba na bado umekaa ukingoni mwa kochi unatetemeka. Basi.

Sasa mwaka 2025 sisi hatukuwa wazuri, sikatai. Mwezi wa 5 tulishinda mechi 13 mfululizo tukaanza kuvimba mitaani, alafu tukaporomoka, dirisha la tredi (kubadilishana wachezaji na timu nyingine) linafungwa 31 Julai tuko 51-57, yaani ushindi 51 na vipigo 57. Timu ya kati. Timu ya kati inafanya nini? Inauza mmoja wawili wanaomaliza mkataba, inabaki na mifupa yake, mwakani inajaribu tena. Hawa wakubwa wetu waliondoa wachezaji 10 wa timu kubwa ndani ya wiki moja. Kumi! Paddack akatangulia Detroit, tarehe 30 klosa wetu Jhoan Duran akaenda Phillies, kesho yake ikawa mvua: Griffin Jax kwenda Rays, Louie Varland na Ty France kwenda Toronto, Brock Stewart kwenda Dodgers, Danny Coulombe kwenda Texas, Harrison Bader naye Phillies, Willi Castro Cubs, alafu Carlos Correa yule tuliyempa mkataba wa dola milioni 200 akarudishwa Houston na sisi tukaongeza milioni 33 juu ili wamchukue. Yaani unauza ng'ombe na unamlipa mnunuzi nauli.

Hesabu warushaji wa bulpeni hapo: Duran, Jax, Varland, Stewart, Coulombe. Watano. Siku mbili. Baada ya hapo tukacheza 19-35 mpaka msimu ukaisha, jumla 70-92, wakamfukuza kocha Rocco Baldelli. Ivi Baldelli angefanyaje? Iningi ya nane anageuka kuangalia bulpeni anaona sura ambazo hata yeye inabidi asome jina mgongoni.

Na msinidanganye kwamba walikuwa wanaondoka bure. Kwenye wale watano ni Coulombe peke yake ndo mkataba ulikuwa unaisha. Duran na Jax walikuwa chini yetu mpaka 2027. Varland mpaka 2030!! Huyu ni mtoto wa North St. Paul, kasoma chuo hapa hapa St. Paul, tulimchukua drafti (timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu) ya 2019 raundi ya 15 huko ambako hakuna anayetazama, akahangaika kama mrushaji wa kuanza ikagoma, mwaka 2025 ndo wakamweka bulpeni moja kwa moja akawa moto. Ndo kwanza ameiva mkampa Toronto. Mnajua alichofanya Toronto? Karusha mechi 15 za mtoano, hakuna mrushaji mwingine kwenye historia aliyefikisha mechi nyingi hivyo ndani ya mtoano mmoja, mpaka World Series (fainali) mechi ya saba wanafungwa na Dodgers kwenye iningi ya 11. Mimi niko kwenye kochi Brooklyn Park hapa Minnesota naangalia mtoto wa kwetu anapigania kombe na jezi ya watu wengine.

Duran ndo hata sitaki kuongea ila ngoja niongee. Ambaye hajawahi kuwa Target Field, uwanja wetu, iningi ya tisa wakati Duran anaingia amekosa kitu. Taa zote zinazimwa, skrini zinawaka moto mwekundu, buibui anatambaa kwenye mbao za matangazo, watu wameshika simu juu, alafu jamaa anatoka mlango wa bulpeni anakimbia taratibu kama hana haraka na mtu. Mpira wa kwanza, ubao unaandika zaidi ya maili 100. Wa pili ndo ule wake wanaouita splinka, unakuja kasi karibu na ile ile alafu karibu na bamba anaposimama mpigaji unazama chini, mpigaji anazungusha gongo anapiga hewa, anabaki anaangalia gongo lake. Ilikuwa burudani pekee ya uhakika tuliyobaki nayo, na ndo walioanza nayo kuuza siku ile.

Tumepata nini? Kwa Duran tumepewa Mick Abel, mrushaji aliyechukuliwa wa 15 kwenye drafti ya 2020, na Eduardo Tait, mdakaji kutoka Panama ambaye siku ya tredi alikuwa na miaka 18. Sina ubaya na Tait, wanaojua wanasema gongo lake lina nguvu. Lakini mdakaji wa miaka 18! Mdakaji ndo nafasi inayochukua muda mrefu kuliko zote kuiva, lazima ajue kudaka, kurusha, kusoma wapigaji, kuongoza warushaji wazima wenye familia. Nitamuona Target Field nikiwa na mvi. Kwa Jax tumepewa Taj Bradley ambaye Rays wenyewe walikuwa wamemshusha Triple-A (ligi ndogo, ngazi moja chini ya ligi kuu) mwezi ule ule. Na Rays sio wajinga, kwenye tredi ukimaliza kuongea na Rays hesabu vidole vyako.

Kitu ambacho menejimenti wanajifanya hawakijui ni kwamba klosa hanunuliwi dukani. Duran mwenyewe tulimpata 2018 kutoka Arizona tulipomtoa Eduardo Escobar, kijana wa miaka 20, alikuwa anaandaliwa kuanza mechi. Kiwiko kikamsumbua, timu kubwa kaingia 2022. Miaka minne! Jax katoka chuo cha jeshi la anga, 2021 alianza mechi akapigwa homrani (mpira unapigwa mpaka unatoka nje ya uwanja) mpaka tukamuonea huruma, wakamhamishia bulpeni ndo akawa mtu. Varland nimeshasema. Yaani hao watatu wote ni warushaji wa kuanza walioshindikana wakageuzwa, kazi ya miaka mingi ya makocha na subira ya sisi mashabiki tuliokula vipigo vyao vya kujifunzia. Sisi tumelipa ada, wengine wanachukua wahitimu.

Sasa turudi kwa hao watoto tunaoambiwa tuwasubiri. Walker Jenkins, chaguo la tano drafti ya 2023, kweli ni mtamu, anapiga, anakimbia, macho yake kwenye bamba sio ya umri wake. Lakini kila mwaka kuna sehemu ya mwili inauma. Emmanuel Rodriguez hivyo hivyo, kipaji kipo ila muda mwingi yuko kwa madaktari. Luke Keaschall huyo nimemkubali, na Kaelen Culpepper simuwekei kinyongo. Ila nyie mmesahau tulivyoambiwa kuhusu Royce Lewis? Chaguo la kwanza kabisa 2017. Goti lile lile likachanika 2021, likachanika tena 2022. Aliporudi 2023 akapiga homrani mbili mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Toronto tukavunja mkosi wa kupoteza mechi 18 mfululizo za mtoano toka 2004, mji mzima ulilia. Kwaiyo miaka sita ya kusubiri kwa usiku mmoja. Na tangu hapo goti likipona msuli wa paja unauma.

Na hata wakiiva wote, alafu? Mchezaji akiingia timu kubwa unakuwa naye miaka sita ndo awe huru. Mitatu ya kwanza unamlipa karibu na kima cha chini, inayofuata mshahara unapanda kila mwaka kwa usuluhishi. Ukifika huo wa nne wa tano ndo tajiri wetu anaanza kukohoa. Kwaiyo Jenkins akiwa mtamu kweli kweli tutamuaga akiwa na miaka 25, 26, tutapewa tena mdakaji wa miaka 18. Huo ndo mpango, hakuna mwingine, wala hauna mwisho.

Maana tatizo ni pesa, tusizunguke. Familia ya Pohlad wameinunua hii timu 1984 kwa dola kama milioni 44, leo ina thamani ya zaidi ya bilioni moja na nusu. Mwaka 2001 mzee alikuwa tayari timu ifutwe kabisa kwenye ligi alipwe chake, mahakama ndo ikasema mkataba wa uwanja lazima uheshimiwe. Uwanja mpya huu wa 2010 kaunti ya Hennepin ilichangia milioni 350 kwa kodi ya mauzo, senti 3 kwa kila dola 20, ikapitishwa 2006 bila kura ya wananchi. Mimi nikinunua tairi hapa kuna hela yangu ndani ya ule uwanja! Alafu 2023 tumeshinda mtoano kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile, watu wamefurahi, wanataka kununua jezi, wao wakakata bajeti ya mishahara karibu milioni 30. Unazima moto ndo umeshika. Oktoba 2024 wakasema wanauza timu, tukafanya sherehe kimya kimya. Agosti 2025, wiki mbili tu baada ya kubomoa kikosi, wakasema hawauzi tena, wanaleta wabia wadogo walipe madeni. Uwanjani mwaka huo hawakufika watu milioni 1.8 kwa msimu mzima, na bado wanashangaa watu wameenda wapi.

Msiniletee habari ya mji mdogo. Milwaukee ni mdogo kuliko huku, 2025 wameshinda mechi 97. Cleveland wako divisheni moja na sisi, hela hawatoi, walikuwa nyuma ya Detroit mechi 15 na nusu wakaja kuchukua divisheni. Hata klosa wao alisimamishwa kwa uchunguzi wa kamari katikati ya msimu na hawakulia. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao bulpeni wanaitengeneza na wanaitunza.

Tunachohitaji mimi nakiona hivi. Warushaji wa kuanza msimu wa 2025 ulipoisha tulikuwa nao, tena wamezidi: Joe Ryan, Pablo López, Bailey Ober, Woods Richardson, Zebby Matthews, David Festa, Abel, Bradley. Huwezi kuanzisha wanane. Chukua wawili au watatu kati ya hao vijana, leo hii, usisubiri Juni, wapeleke bulpeni warushe kwa nguvu zote iningi moja moja. Matthews mimi ningemjaribu wa kwanza. Kendry Rojas, yule Mcuba wa mkono wa kushoto tuliyempata kwenye tredi ya Varland, naye. Alafu nunua wazoefu wawili wa mwaka mmoja mmoja, sio lazima wawe nyota, wawe tu watu ambao wakiona wakimbiaji wawili kwenye besi hawatoki jasho.

Na Ryan ASIUZWE. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Boston walikuwa wanamtaka siku ile ile ya mwisho, tukaponea. Huyu tulimpata 2021 kwa kumtoa Nelson Cruz mwenye miaka 41, habari ya tredi imemkuta yuko na timu ya Marekani ya Olimpiki ya Tokyo, na ndo tredi bora tuliyofanya miaka ya karibuni pamoja na ile ya Arraez kwa López. Mnaye mpaka 2027. Mkimuuza na huyu mtakuwa mmesema wazi kwamba hamna nia ya kushinda, na kocha mpya Derek Shelton, aliyefukuzwa Pittsburgh mwezi wa 5 mwaka 2025, atakuwa ameletwa tu kusimamia maombolezo.

NYONGEZA: naona mkuu mmoja ameuliza eti kama napinga tredi zote. Sipingi. Napinga tredi za upande mmoja. Na tukinunua pia tunanunua vibaya, 2022 tulitoa Spencer Steer na Encarnacion-Strand kwenda Reds tukamleta Tyler Mahle, kaanza mechi 9 tu kwa jumla, mkono ukaisha. Siku zile zile tukatoa Yennier Cano kwenda Baltimore tukamchukua Jorge López, mwaka uliofuata Cano akaitwa timu ya nyota wote na López wetu alikuwa hashikiki kwa kupigwa. Sasa watu waliofanya hayo ndo walitaka niwaamini wamechagua mdakaji sahihi wa miaka 18.

Na wewe uliyeandika nihamie Yankees, tafadhali. Nina hasira, sijachanganyikiwa.