Mjadala: Tufute maswali dadisi Gredi 4 hadi 9, tubaki na ubao?

Mwalimu wa sayansi, Lamu mjini

Asalaam alaykum, wana wa Amu na majirani zetu wa Malindi.

Jumamosi iliyopita kikao cha wazazi wa shule moja ya kisiwani kwetu kilipigia makofi pendekezo hili: kuanzia muhula ujao vipindi vya uchunguzi na miradi viondolewe, Gredi 4 mpaka 9. Mwalimu aandike ubaoni, mtoto anakili, akariri, apimwe kila Ijumaa. Uamuzi utapitishwa kikao kijacho. Nilisimama kupinga, muda ukaisha kabla sijafika nilikokuwa nakwenda. Nayaleta hapa niyamalize, na anayeona nimekosea anijibu bila kunionea haya.

Kwa asiyefuatilia: mtaala wa umilisi, ulioanza madarasa ya chini mwaka 2019 kuchukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4, unataka kila mada iwe na maswali dadisi, yaani maswali ambayo mtoto huyafanyia kazi mwenyewe kabla ya kupewa jibu. Uwazaji wa kina na utatuzi wa matatizo ni mmoja kati ya umilisi saba wa kimsingi. Kwenye karatasi sijaona anayepinga. Ugomvi uko darasani, basi niwaeleze la darasani kwangu.

Mwaka jana niliwauliza Gredi 7: leo maji yatajaa saa ngapi? Hawa ni watoto wa Lamu, wengi baba zao ni wavuvi au manahodha. Kila mmoja alijibu kwa uhakika, na majibu yakawa matano. Nikawaambia twende tukaangalie. Kwa siku thelathini, wanne wanne, saa ya mapumziko na baada ya masomo, walihesabu ngazi za gati zilizo juu ya maji, wakaandika saa, na usiku wakaandika mwezi ulivyo. Siku tano hazina hesabu, ama walisahau ama mvua iliwazuia, na daftari tumeliacha na mapengo yake. Yaliyobaki yalitosha kuonyesha kuwa maji ya leo huchelewa kujaa kwa dakika hamsini hivi kuliko ya jana, na kwamba hupwa mpaka chini kabisa karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku tunazoziita bamvua.

Hayo mvuvi yeyote angewaambia bila daftari, najua. Lakini wiki ya nne msichana mmoja alinyosha mkono: "Mwalimu, kwa nini bamvua maji yakipwa kabisa huwa ni saa nne, kila bamvua? Mbona haiwi saa saba?"

Nimezaliwa hapa na maisha yangu yote nimeona kwamba bamvua watu hushuka mwambani asubuhi ya saa nne. Sikuwahi kujiuliza. Nilimwambia kweli: sijui, nipe mpaka kesho. Nikaenda kusoma.

Jibu ni hili. Siku za bamvua mwezi, jua na dunia huwa vimekaa karibu na mstari mmoja, kwa hiyo mwezi hupita utosini saa sita, ya mchana au ya usiku. Maji ya pwani yetu hayajai pale mwezi unapopita. Huchelewa kwa muda wa kama saa nne, kwa sababu ya umbo la bahari na vina vyake. Sita na nne ni kumi: maji hujaa karibu saa kumi. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa sita na dakika chache, basi hupwa karibu saa nne. Tuliligeuza hilo kwa tochi na mpira vipindi viwili vizima, na yule yule msichana akauliza, "Na mwezi ukiwa nusu?" Akapiga hesabu mwenyewe. Mwezi wa nusu hupita utosini kunako saa kumi na mbili, kwa hiyo siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mambo hupinduka, maji hujaa saa nne na kupwa saa kumi. Tukangoja wiki moja, tukaenda gatini na ubashiri wake mkononi. Ukawa kweli.

Hicho ndicho kikao kinataka kukifuta. Mimi nasema hapana.

Mama wa watoto watatu, Langoni

Waalaykum salaam, Mwalimu. Nilikuwepo kikaoni na nilipiga makofi. Nitakwambia kwa nini, kwa heshima yote.

Mwanangu wa Gredi 5 alikuja na kazi: chunguza wanyama wanaobeba mizigo, uchapishe picha za rangi, ubandike kwenye karatasi ya manila. Aliniambia saa mbili ya usiku. Punda wawili wamefungwa nje ya mlango wangu, Mwalimu. Mtoto huyu huwapa maji kila siku, anajua yupi ana kidonda begani na kwa nini. Lakini picha ilitakiwa itoke saiba, na saiba ya mtaani imefungwa. Akachora kwa penseli. Akarudishiwa na maneno "mbali na matarajio", eti haina rangi. Alilia. Hakuna aliyemuuliza lolote kuhusu punda.

Na mkubwa yuko Gredi 9. Kwenda sekondari ya juu anapimwa hivi: KPSEA, mtihani wa kitaifa aliofanya Gredi 6, ni asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8 ni asilimia 20, na KJSEA, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa Gredi 9, ni asilimia 60. Sitini, Mwalimu. Mwenye pesa atampelekea mwanawe mwalimu wa jioni amkaririshe, na wangu atakuwa gatini anahesabu ngazi. Habari yako ya bamvua imenipendeza kwa dhati. Lakini walimu kama wewe wangapi?

Mwalimu wa Gredi 6, Malindi

Mwenzangu wa Lamu, mimi ninapinga kwa sababu nilijaribu.

Kwetu msimu wa kaskazi, baada ya mvua za vuli, bahari ya mjini hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Nikalifanya swali dadisi: kwa nini? Darasa langu lina watoto 68. Niliwagawa makundi manane, wakachota maji kwenye chupa sehemu nne za ufuo, wakayaacha yatulie. Katika semina tulifundishwa kwamba mwalimu asitoe jibu, awe msaidizi tu. Nikafuata. Makundi sita kati ya manane yakahitimisha kwamba ni maji machafu ya mahoteli. Nikawapongeza kwa kufikiri. Muhula uliofuata niliwauliza tena, na bado wanaamini hivyo.

Kweli yenyewe ni udongo wa mto Sabaki. Mto huo unaanza mbali ukiitwa Athi, unapita Ukambani na Tsavo ukiitwa Galana, na kila mvua inayoosha mashamba ya juu huleta udongo mpaka mdomoni, kaskazini mwa mji wetu. Wakati wa kusi mkondo huusukuma udongo kwenda kaskazini, wakati wa kaskazi hushuka kusini ukaja kwetu na kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari. Mtoto wa miaka kumi na moja hawezi kuyagundua hayo kwa chupa. Yako kilomita mia kadhaa kutoka alipo. Ningeyasema kwa dakika ishirini na ramani moja.

Wataalamu wamelisema hili. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika kwamba anayeanza kujifunza, akiachwa agundue peke yake, akili yake hulemewa na mambo mengi kwa pamoja na hakuna kinachobaki. Matokeo ya PISA ya 2015, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, yalionyesha kuwa katika nchi nyingi walioripoti uchunguzi wa mara kwa mara darasani walikuwa na alama za chini zaidi za sayansi. Na hapa kwetu Kenya, Tusome, mpango wa kufundisha kusoma ulioenea nchi nzima kuanzia 2015, uliinua usomaji wa madarasa ya kwanza na ya pili kwa kufundisha hatua kwa hatua, mwalimu akiwa na mwongozo wa kila somo.

Maalim, Mkomani

Nitasema kidogo. Chuoni, yaani madrasa, mtoto huanza na herufi na irabu, kisha huhifadhi, na maana humjia baadaye. Sijaona mtoto aliyedhurika kwa kuhifadhi. Niliowaona wamedhurika ni wale waliohifadhi kisha wakakosa wa kuwafasiria. Na kwenye darsa za watu wazima sheikh husoma, mwanafunzi humsimamisha akauliza, na swali jema husifiwa. Kwa hiyo msituambie kuuliza kumeletwa na serikali mwaka 2019.

Mwalimu wa JSS (sekondari ya chini, Gredi 7 hadi 9), kisiwa cha Pate

Nimesomea Kiswahili na historia. Nafundisha masomo matano, sayansi ikiwemo, na hatuna maabara. Mtoto akiniuliza kwa nini bamvua ni saa nne, nitasema "tutaangalia baadaye", na hiyo baadaye haifiki, maana usiku nasahihisha madaftari. Naomba mnaobishana mnikumbuke na mimi.

Mwalimu wa sayansi, Lamu mjini

Nimewasoma wote mara mbili.

Mama wa Langoni, umenishinda kwenye punda, na nasikitika kwa ajili ya mtoto. Lakini tazama ulichokieleza. Uchunguzi ulikuwa mlangoni kwako: kidonda kile, mzigo unaokalia begani vibaya, matandiko yaliyochakaa. Mwalimu alipewa mchunguzi tayari, akamrudisha kwa kukosa rangi. Kazi ya kununua manila na kuchapisha haikufundisha kufikiri wala haikufundisha kukariri. Nitakuwa wa kwanza kuomba ifutwe, na iandikwe kabisa kwamba hakuna kazi ya nyumbani itakayomtoa mzazi senti moja.

Mwenzangu wa Malindi, kwako nitakaa kidogo. Mwaka 2007 Cindy Hmelo-Silver, Ravit Duncan na Clark Chinn waliwajibu wale wa 2006. Walisema uchunguzi mzuri haumwachi mtoto peke yake. Una mwalimu anayepanga hatua, anayepunguza mzigo, na anayeeleza jambo pale darasa linapolihitaji. Na ile takwimu ya PISA inaonyesha vitu viwili vikienda pamoja, haisemi kipi kimesababisha kipi. Lakini sihitaji wageni kukujibu. Kumbuka bibi zetu. Hakuna aliyetega kitendawili asichojua jibu lake. Na wote tukishindwa alidai kwanza mji, tukampa, kisha akafumbua. Hakutuacha tukalale na jibu la uongo. Semina iliyokwambia usifumbue ndiyo iliyokupoteza, si swali lako. Ungewauliza makundi yako jambo moja tu: mahoteli yapo mwaka mzima, mbona maji hubadilika rangi kwa msimu? Hapo sita yangeanza kuyumba, nawe ungetoa ramani ya Sabaki wakati wanaitaka. Dakika zako ishirini zingeingia kwa watoto wenye njaa nayo.

Nakubali hili, na kikaoni sikulisema: mambo mengi yafundishwe moja kwa moja. Kusoma, jedwali la kuzidisha, sehemu za ua, awamu za mwezi. Msichana wangu aliuliza lile swali kwa sababu awamu za mwezi alikwisha kuzikariri, na saa ya maji kupwa aliijua tangu utotoni kwa baba yake. Maalim amenifundisha hapo. Asiyejua kitu hana cha kuuliza.

Ndugu yangu wa Pate, lako ndilo zito kuliko yote na sina dawa yake. Walimu wengi wa JSS waliletwa kwa mikataba ya intani mwaka 2023, na wengine mnabeba masomo msiyoyasomea. Hilo halitengenezwi na wazazi wa Lamu. Ninachoweza ni kukutumia daftari la maji, mapengo na yote, pamoja na maelezo ya tochi na mpira niliyoyaandika hatua kwa hatua. Hesabu ya saa nne haitatofautiana sana na huko kwenu. Na usione haya kumwita mvuvi darasani. Mimi nilimwita fundi wa mashua wa Matondoni kwa somo la kuelea na kuzama, akawaonyesha kwa nini mbavu za chombo huchaguliwa kutoka tawi lililopinda lenyewe. Sikuwa na la kuongeza.

Kikaoni nitaomba hivi: kila gredi ifanye uchunguzi mmoja tu kwa muhula, juu ya jambo la hapa hapa, ukiongozwa na mtu anayelijua, awe mwalimu au si mwalimu. Vipindi vilivyobaki mwalimu afundishe atakavyo, hata kwa ubao. Na mwishoni jibu lisemwe wazi mbele ya darasa.

Mama wa watoto watatu, Langoni

Mmoja kwa muhula naweza kuukubali, ikiwa hakuna manila. Lakini Gredi 9 muwaache mpaka wamalize KJSEA yao. Hapo sitarudi nyuma.

Mwalimu wa sayansi, Lamu mjini

Gredi 9 muhula wa tatu, sawa. Muhula wa kwanza na wa pili tutabishana Jumamosi. Na mwambie huyo wa Gredi 5 aje na mchoro wake wa penseli. Nataka aniambie kile kidonda kimepona vipi.