Matairi ya 225/45 R17 kwa gari lenye kasi: tunalinganishaje, na aliyeko Mtwara apate wapi bei nzuri?

Mkazi wa Shangani aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaishi Mtwara mjini na ninaendesha Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2003, ambayo kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinaelekeza matairi ya 225/45 R17 (upana wa milimita 225, ubavu wa asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17). Kashata (vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara) za matairi niliyonayo zimekaribia kuisha, na kwa kuwa mvua za kusini huanza kuelekea mwisho wa mwaka, ningependa kubadilisha yote manne kabla hazijashika kasi. Safari zangu ni za aina mbili: mizunguko ya mjini na Mikindani, ambayo si mikubwa, na safari ya Dar es Salaam ya takriban kilomita 560 kupitia Lindi, Nangurukuru na Daraja la Mkapa, ambayo ndiyo hasa inayonifanya nifikirie matairi ya spoti.

Mezani nina mapendekezo matatu. La kwanza ni matairi mapya ya Kichina yaliyopo dukani hapa mjini, ambayo ndiyo ya bei ya chini. La pili ni Michelin Pilot Sport 4 kutoka kwa muuzaji wa Dar es Salaam, yenye bei inayokaribia mara mbili ya hiyo ya kwanza. La tatu ni mtumba wa Japani wenye kashata nene na jina kubwa, na muuzaji ananihakikishia kuwa ni bora kuliko mapya yote mawili. Kila muuzaji anasifia cha kwake, nami sitaki kununua kwa kusikiliza sifa. Naomba mwenye uzoefu anieleze ni vitu gani hasa vilinganishwe, na njia gani ya ununuzi inampa mtu wa huku bei ya haki bila kusafiri kwa ajili ya matairi peke yake.

---

Fundi wa Magurudumu, Lindi alijibu:

Mkuu, nianze na hilo la tatu kwa sababu ndilo lenye hatari iliyojificha. Kabla hujaangalia unene wa kashata, soma ubavu wa tairi. Ukikuta neno STUDLESS, au majina kama Blizzak na iceGUARD, hayo ni matairi ya barafu ya Japani. Mpira wake umechanganywa ili ubaki laini kwenye baridi kali, na kashata zake zimekatwa mistari myembamba mingi sana ili ishike barafu. Kwenye lami ya Lindi saa nane mchana mpira huo unakuwa laini kupita kiasi: gari linayumba ukikata kona, breki zinarefuka, na kashata ile nene uliyoipenda inayeyuka upesi kuliko ulivyotarajia. Mengi kati ya hayo yana herufi ya kasi Q, yaani mwisho wake ni kilomita 160 kwa saa, wakati gari lako lilitoka kiwandani likiwa na matairi ya W, ambayo ni kilomita 270 kwa saa. Hakuna anayekutuma ukimbie hivyo, ila herufi hiyo inaeleza pia tairi linavyostahimili joto, na joto ndilo linalopasua matairi kwenye barabara hii yetu.

Hata kama si la barafu, tazama tarehe. Tafuta neno DOT, kisha soma tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Msimbo kamili wenye tarehe mara nyingi uko upande mmoja tu wa tairi, na upande wa pili una nusu yake, hivyo usikubali kuambiwa kuwa "tarehe imefutika" kabla hujaligeuza. Pitisha chaki juu ya maandishi, yatasomeka hata kama tairi limepakwa dawa ya kung'arisha. Kisha bonyeza kwa kidole gumba kati ya kashata na kashata, uifungue ile mifereji, na utazame chini kabisa. Tairi lililokaa miaka mingi linaonyesha nyufa ndogo kama za udongo mkavu pale pale kwenye shina la kashata, mahali ambapo dawa ya kung'arisha haifiki. Hili lifanye hata kwa tairi jipya, kwa sababu maduka mengi ya huku hupanga bidhaa barazani, na jua pamoja na hewa ya bahari vinazeesha mpira ambao haujawahi kugusa lami.

Ukishamaliza hapo, linganisha vitu vinavyolingana. Ukipewa bei ya 225/45 R17 91W na nyingine ya 225/45 R17 94Y XL, hujapewa bei mbili za tairi lile lile. Namba 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615, na 94 ni kilo 670, huku Y ikiwa kasi ya juu kuliko W, na XL ikionyesha kuwa limeimarishwa na linaweza kuhitaji upepo zaidi ili libebe mzigo huo. Kwa gari lako 91W inatosha.

---

Hesabu Kwanza, Masasi alijibu:

Naheshimu maelezo ya fundi, lakini mimi nina shaka na neno lenyewe "spoti". Matairi mengi yanayouzwa pia Marekani huandikwa ubavuni daraja la TREADWEAR (uchakavu wa kashata), ambalo linapimwa kwa kuyaendesha barabarani pamoja na tairi la kulinganishia lenye 100. Tairi lenye 300 limeonyesha katika jaribio hilo kudumu mara tatu ya lile la kulinganishia, na lenye 500 mara tano. Michelin Pilot Sport 4S, ambalo ni ndugu wa hilo ulilotajiwa, lina 300. Bridgestone Potenza RE-71R, ambalo liko karibu na uwanja wa mashindano kuliko barabara, lina 200. Matairi ya kawaida ya safari huwa na 500 na kuendelea.

Sasa fanya hesabu, na namba hizi nazitunga kwa ajili ya mfano tu. Tuseme tairi la safari ni shilingi laki tatu na linakwenda kilomita 45,000, nalo la spoti ni laki tano na nusu na linakwenda kilomita 30,000. La kwanza linakugharimu chini ya shilingi saba kwa kilomita, la pili zaidi ya shilingi kumi na nane. Tofauti hiyo unailipia mshiko. Je, kwenye barabara ambayo kila kijiji kina kibao cha 50 na nusu ya safari uko nyuma ya malori ya saruji na korosho, mshiko huo unautumia wapi?

Nikiri pia udhaifu wa kipimo ninachokitaja: daraja hilo linatangazwa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo 400 ya kampuni moja na 400 ya kampuni nyingine zinaweza kutofautiana sana barabarani. Linafaa zaidi kulinganisha matairi ya kampuni moja.

---

Fundi wa Magurudumu, Lindi alijibu:

Ndugu wa Masasi, mshiko huo unautumia pale lori linaposimama ghafla mbele yako na lami imelowa. Kwenye lebo ya Umoja wa Ulaya, mshiko wa lami iliyolowa unapangwa kuanzia A hadi E, na kutoka daraja moja hadi linalofuata tofauti ya kusimama kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni kama mita tatu hadi sita. Zidisha kwa madaraja mawili, unapata urefu wa Hiace moja au mbili. Hapo hujakimbia wala hujashindana na mtu, umo ndani ya sheria kabisa. Kwa hiyo mimi singeuliza "spoti au si spoti". Ningeuliza kila muuzaji daraja la lebo hiyo kwa tairi na saizi anayoiuza, maana tairi lile lile linaweza kuwa na daraja tofauti katika saizi tofauti. Matairi kadhaa ya Kichina yanauzwa Ulaya na yana lebo hiyo, na baadhi yana daraja zuri la mvua. Yale ambayo muuzaji hawezi kukuonyesha lebo yake popote, hata kwenye tovuti ya mtengenezaji, mimi ningeyaacha kwa gari la aina hii.

Kwenye hesabu yako ya kilomita naafiki, isipokuwa kwa jambo moja: mafundi wengi tunashauri tairi libadilishwe kashata zikifika milimita tatu kama unasafiri masika, ingawa vinundu vya alama ya kuisha vilivyomo ndani ya mifereji vimewekwa kwenye milimita 1.6. Kilomita za mwisho usizihesabu kama faida.

---

Bi Mikindani alijibu:

Nitajibu suala la bei, kwa kuwa biashara yangu ni ya kuleta bidhaa kutoka Dar es Salaam.

Kaka yangu, usilinganishe bei ya kutajiwa kwa simu. Mwombe kila muuzaji akuandikie profoma (hati ya bei kabla ya kununua) yenye saizi kamili, namba ya uzito na herufi ya kasi, jina kamili la tairi, wiki na mwaka wa kutengenezwa, na maelezo kama bei imejumuisha VAT au la. Muuzaji akikutajia kwa simu bei ya chini sana, mara nyingi siri iko kwenye moja ya vitu hivyo, na hasa kwenye mwaka. Nimeona tairi la jina kubwa likiuzwa kwa "punguzo" ambalo kwa kweli lilikuwa ni umri wake. Omba picha ya tarakimu za DOT za kila tairi kati ya manne, si ya moja, na pesa iende baada ya picha. Risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) idai mapema, kwa sababu tairi likija na kasoro ya kiwanda, risiti hiyo ndiyo itakayokusimamia.

Usafiri si mgumu. Matairi manne yanapanda buti la basi la Mtwara pale Mbagala, na gharama inapatanwa na wakala kwa tairi moja moja. Iongeze kwenye bei, ongeza na gharama za kufunga na kubalansi hapa mjini, ndipo ulinganishe na duka la hapa ambalo pengine linafunga bila malipo. Ukiwa na profoma mbili za Dar es Salaam mkononi, nenda nazo kwenye duka la Mtwara ukazungumze. Maduka ya huku yanaishi kwa saizi za Noah, Hiace na malori. 225/45 R17 ikiingia inaweza kukaa rafu hiyo hiyo muda mrefu, na mwenye duka anajua hilo kuliko wewe. Ila usiende wakati malipo ya korosho yametoka, maana wakati huo hana haja ya kupatana na mtu.

---

Kijana wa Newala alijibu:

Mbona hamfikirii kushuka rimu ya 16? Kipenyo cha 225/45 R17 ni milimita 634 na cha 205/55 R16 ni milimita 632, karibu sawa kabisa, kwa hiyo spidomita haitadanganya. Saizi hiyo inapatikana kwa urahisi zaidi na ubavu wake mrefu unavumilia mashimo.

---

Fundi wa Magurudumu, Lindi alijibu:

Kwa WRX ya kawaida wazo hilo ni zuri na nimelifanyia wateja. Kwa STI ya mwaka huo haliwezekani, kwa sababu kalipa (vibanio vya breki) za Brembo za mbele ni kubwa na rimu ya 16 inazigonga. Asije pia akashawishika kupanda 225/50 R17 ili apate ubavu: kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 3.5, hivyo spidomita ikisoma 100 yeye yuko kwenye 103.5, na tairi linaweza kugusa ndani ya madigadi akikunja kona na mzigo.

---

Mkazi wa Shangani aliandika:

Nawashukuru sana. Mtumba nimeuacha: nimerudi kuutazama na ubavuni pameandikwa STUDLESS kwa herufi kubwa kabisa. Nimeomba profoma kwa wauzaji wawili wa Dar es Salaam kwa maelezo aliyoyaorodhesha Bi Mikindani, na duka la hapa nimewaomba lebo ya mshiko wa mvua.

Swali moja limebaki. Muuzaji wa hapa amesema kama pesa haitoshi ninunue mawili mapya ya mbele sasa, na ya nyuma baada ya miezi michache. Je, linafaa?

---

Fundi wa Magurudumu, Lindi alijibu:

Kwa gari hili, hapana. Linaendeshwa na magurudumu yote manne, na tairi lililoisha lina mzunguko mdogo kuliko jipya, kwa hiyo mbele na nyuma vinazunguka kwa kasi tofauti hata kwenye barabara iliyonyooka. Mzigo wa tofauti hiyo unaubeba difu ya katikati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma), nayo ikichoka utalipa zaidi ya bei ya matairi manne. Kama pesa ni ya mawili tu, subiri, au nunua manne ya daraja la chini kidogo yenye lebo na mwaka mzuri.

Siku ya kuyafunga, hakikisha fundi anasoma OUTSIDE na INSIDE ubavuni kabla hajaliingiza kwenye rimu, kwa sababu tairi kama Pilot Sport 4 lina kashata za nje na za ndani zisizofanana. Alaimenti (kunyoosha magurudumu) ifanyike siku hiyo hiyo. Upepo upime asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kile kibandiko cha mlangoni. Ukiupima umefika Nangurukuru juani utausoma juu, na fundi wa pancha atakushauri upunguze; usipunguze.