Kirusi sugu lakini kivivu: kwa nini bado nameza lamivudini?

Wakuu, naomba ushauri kwa wanaozielewa ARV. Wingi wa virusi mwilini ulinipanda (kosa langu, niliruka dozi sana), nikapimwa usugu wa virusi kwa dawa. Majibu yana M184V. Nilivyoelewa, kile kimeng'enya kinachogeuza RNA ya kirusi kuwa DNA kimebadilika nafasi ya 184: asidi amino ya methionini imetoka, ya valini imeingia. Kitu kimoja tu, na lamivudini haipati tena pa kukaa!

Kinachonichanganya ni hiki: daktari kabadilisha dawa nyingine, lamivudini kaiacha palepale. Anasema kirusi chenye M184V huzaliana polepole kwa sababu kimeng'enya chake kinakuwa kivivu kuunga DNA, tena tenofovia (ARV nyingine) inakipata kirahisi zaidi. Nikiiacha lamivudini, kirusi cha zamani chenye nguvu kinarudi juu. Yaani nameza dawa iliyoshindwa ili kukibana kirusi kwenye udhaifu wake?

Mliopitia hili, virusi vilishuka baada ya muda gani? Na nikirudia kipimo baadaye M184V isionekane, ndiyo imeisha au imejificha? Dozi siruki tena, alamu inalia saa 3 usiku.