Droni juu ya vichwa vya watu uwanjani hapa Kigoma, mpaka afe mtu ndo mshtuke?

Wakuu habari za jioni. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa usajili wa wachezaji, nina hasira na nataka nimalize yote.

Mimi ni mpiga picha hapa Kigoma, harusi, send-off, mikutano, na droni ninayo mwaka wa tatu sasa. Karatasi za TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) ninazo, kibali cha wizara ya ulinzi nimekihangaikia mpaka soli za viatu zikaisha. Juzi kulikuwa na mechi kubwa hapa mjini (uwanja siutaji, mliokuwepo mnajua), waandaaji wakanipigia wanataka video ya juu, "mashabiki wote waonekane, ushuke chini kabisa wakiwa wanapunga mikono". Nikamwambia bosi, juu ya watu sirushi, nitasimama nje nyuma ya goli nichukue kwa pembeni na polisi wawe na taarifa. Akasema nitakurudia. Hajanirudia mpaka leo, kazi kapewa dogo mmoja mwenye droni ya kuazima, nusu ya bei yangu.

Basi nikaingia kama shabiki. Getini jamaa wa riflekta kaninyang'anya maji, nusu lita, bado hata sijafungua, eti mtarusha uwanjani. Haya. Nimekaa mzunguko, dakika ya ishirini hivi nasikia mvumo kama nyuki, naangalia juu, hiyo hapo mita kama sita kutoka kwenye vichwa vyetu, watu wanaipungia skafu, watoto wanaruka waishike, na yule yule wa riflekta kainua simu anairekodi huku anacheka!! Chupa ya maji ndo silaha, dude la karibu kilo nzima lenye propela nne zinazokata ni burudani.

Sasa kwa msiojua hizi mashine. Saa kumi, saa kumi na moja upepo wa ziwani unaingia, kila anayeishi hapa anaujua, na droni ikipigana na upepo inakula betri vibaya mno. Halafu watu maelfu wote wana simu, hata meseji ya WhatsApp inazunguka haiendi, we unategemea rimoti ishike vizuri tu. Ikipoteza mawasiliano inatakiwa ipande ijirudie yenyewe ilipoondokea, ila hiyo ni kama GPS iko sawa na betri inatosha, betri ikikaribia kuisha kabisa inatua hapo hapo ilipo, haiulizi chini kuna mtu au kuna majani.

Ndo kilichotokea. Ikaanza kushuka yenyewe, dogo anakaba rimoti macho yamemtoka, ikagusa kamba ya bango, ikapinduka, ikamwangukia kijana muuza mayai, trei iko begani. Propela ikamchana juu ya sikio. Maganda, kachumbari, damu, vyote kwenye shati moja jeupe. Mwandaaji kaja mbio, nikadhani kaja kumwangalia kijana, kumbe kaiokota droni anaikagua kama memori kadi imepona. Kijana kapewa elfu tano na maneno "bahati mbaya tu mdogo wangu".

Bahati mbaya ipi? Desemba 2015 kule Italia, Madonna di Campiglio, Marcel Hirscher, mwanamichezo wa ski wa Austria, yuko kwenye mashindano anateleza kwenye theluji, droni ya kamera ikaanguka nyuma yake kidogo tu, na ile ilikuwa ya warusha matangazo wenyewe, watu wa kazi, siyo dogo wa kuazima. Shirikisho lao la ski likapiga marufuku droni. Marekani uwanja wa watu 30,000 kwenda juu ukiwa na mechi ya ligi zao kubwa, hurushi ndani ya maili 3 za baharini, yaani kilomita tano na nusu, kuanzia saa moja kabla mpaka saa moja baada ya mechi. Sisi hapa hata ndege zinazotua zinapita karibu na mji na hakuna aliyewaza kuuliza. Na AFCON ya 2027 tunaandaa na Kenya na Uganda, sijui tutawanyang'anya maji na wageni huku tunarusha.

Najua kuna watakaokuja kusema nina wivu nimenyimwa kazi. Ninao, sikatai, hela nilikuwa naihitaji. Ila kama kufuata taratibu ndo kunakunyima kazi basi kesho nani atahangaika na vibali?

Mwenye video ya tukio aliyekuwa mzunguko siku ile aniwekee hapa au aje PM. Kijana kashonwa nyuzi nne, trei ilikuwa ya mkopo, na simu ya mwandaaji tangu jana haipokelewi.