Tupeane uzoefu: Kituko gani cha paka wako kilikushinda kuelewa?

Mpangaji wa Tabata (mtoa mada)
Wakuu, salaam. Huu uzi ni wa wanaoishi na paka hapa Dar. Si lazima awe wa Kiajemi wa kuogeshwa kwa shampuu. Hata huyu wetu wa uwani, anayekula kwa mama lishe na kuja kulala kwako, anahusika. Leteni visa: tabia uliyodhani ni jeuri, wazimu au jini, halafu ukaja kuielewa. Kama hujaielewa mpaka leo, lete vilevile, humu hakosekani mjuzi.

Naanza. Paka wangu dume halali popote ila juu ya king'amuzi. Nimemtandikia khanga, nimemtafutia kikapu, wapi! Mpira ukianza anateremsha mkia mbele ya skrini na haondoki. Sababu ni joto. Mwili wa paka una nyuzi 38 hadi 39, zaidi ya wetu, na asili yake ni paka-mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kame anayependa kuota jua. Kifaa chenye joto mchana na usiku kinamtosha kabisa. Wenye magari, asubuhi gongeni boneti kabla ya kuwasha. Wapo wanaojipenyeza humo injini ikishazimwa.

Msimamo wangu niuseme mapema ili mnishambulie: mbwa tulimfuga, paka alikuja mwenyewe. Alifuata panya kwenye maghala ya nafaka huko Mashariki ya Kati, yapata miaka 10,000 iliyopita, akaona panamfaa, akabaki. Kisiwani Cyprus limefukuliwa kaburi la mtu aliyezikwa na paka pembeni, la miaka 9,500 hivi. Kukaa kote huko na sisi, na bado ni mwindaji wa peke yake. Mtazame kwa jicho hilo, vituko vingi vinapata maana. Haya, tiririkeni.

Mama wa Magomeni
Wangu ananiletea panya. Naamka alfajiri nikaswali, nakanyaga kitu cha baridi mlangoni. Mama mkwe alikuwa hapa wakati huo, akasema mwanangu, nyumba hii imetupiwa kitu. Tukafukiza mpaka ubani ukaisha, na panya wakaendelea kuja.

Kumbe paka jike mwenye watoto ndivyo anavyofundisha. Kwanza anawaletea windo lililokwishakufa wale, baadaye analeta lililo hai wamalizie wenyewe. Wapo wanaosema anatuona sisi ndio watoto tusiojua kuwinda. Mimi naliona jambo jepesi zaidi: mwindaji hupeleka windo mahali anapojiona salama, na kwake ni hapa kwangu. Simgombezi. Naokota kwa mfuko, namwambia ahsante, na panya buku wa mtaroni wamepungua.

Mjomba Mbagala
Wewe unaletewa panya. Mimi naletewa mkia wa mjusi, mjusi mwenyewe kashaondoka zake.

Kapera wa Kimara
Yangu ilitaka kunihamisha. Chumba kipya, LUKU ikiisha usiku, paka anakaa katikati ya chumba anaikodolea pembe moja ya dari. Masikio yanazunguka, kila moja na njia yake. Nikimulika kwa simu, macho yanawaka kijani. Jirani akaniambia, kaka, hapa kuna mtu mwingine anaishi.

Kweli walikuwepo wengine. Fundi alipokuja kubadilisha silingi bodi akakuta kiota cha panya chenye vitoto. Sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde. La paka linapita 60,000, na vitoto vya panya hulia huko juu ambako sisi hatusikii chochote. Macho kuwaka nako si maajabu. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga upite mara ya pili, ndiyo maana anatembea kwenye giza ambalo mimi napapasa ukuta. Kodi ya pale ilikuwa nafuu, namshukuru Mungu sikuhama.

Mpangaji wa Tabata
Mkuu Kapera, hapo ndipo paka weusi wa jiji hili wanapoponzwa. Mtu anaona macho mawili gizani bila mwili, kitu cha kwanza anatafuta jiwe.

Ustadhi wa Kariakoo
Kwa wanaomfukuza paka msikitini kwa mateke: imepokewa kutoka kwa Kabsha binti Ka'b kwamba baba mkwe wake, Abu Qatada, alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe. Kabsha aliposhangaa akaelezwa kwamba Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukazunguka majumbani. Tafuteni hoja nyingine.

Sasa swali langu. Kila nikimpapasa huyu wangu, palepale anajilamba nilipogusa. Ananikinai?

Mfugaji wa Mbezi
Hakukinai, ustadhi. Ulimi wake una vijimiba vinavyochana manyoya. Anayarudisha mahali pake na kusawazisha harufu yako na yake. Isitoshe, kwa joto letu hili la Januari na Februari, mate yakikauka kwenye manyoya yanampoza, kwa sababu paka hutoka jasho nyayoni tu. Na akijisugua shavu kwenye kanzu yako, hapo ni yeye anayekupaka harufu. Ana tezi mashavuni, kwenye paji la uso na kwenye shina la mkia. Umeshamilikiwa siku nyingi.

Fundi wa Keko
Mmefika kwenye ugali wangu. Wateja wananirudishia sofa imechanwa mkono mmoja tu, ule wa karibu na mlango, wanasema paka ana roho mbaya, eti alikasirishwa. Mimi nikitoa kile kitambaa naokota maganda ya kucha yaliyonasia kwenye nyuzi. Kucha ya paka inakua kwa tabaka. La nje likichakaa lazima alivue ili lenye ncha litokee. Halafu nyayoni ana tezi za harufu, kwa hiyo pale anaandika kwamba yeye ndiye mkazi wa hapa. Tangazo haliwekwi uchochoroni, huwekwa watu wanapopita, na ndiyo sababu anachagua mkono wa mlangoni.

Dawa yake naiuza kwa bei ya mabaki ya mbao: nguzo moja, izungushie kamba ya katani kuanzia chini mpaka juu, kitako kiwe kizito. Ikiyumba akiivuta mara ya kwanza, hairudii. Urefu uwe zaidi ya paka akisimama na kujinyoosha, maana pale pia ananyoosha mgongo baada ya kulala. Iwekeni palepale anapoharibu. Mnaiweka nyuma ya friji halafu mnasema haifanyi kazi! Katani tunalima wenyewe Tanga, Wazungu wananunua nguzo hizohizo kwa pesa nyingi, sisi kamba tunafungia mbuzi.

Na asije mtu kuwaambia mng'oe kucha. Kucha ya paka imeota kwenye mfupa, kuing'oa ni kukata pingili ya mwisho ya kidole.

Dada wa Upanga
Sisi ni wa ghorofani. Kunguru wa Dar mnawajua, hawa wa shingo ya kijivu ambao wazazi wao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wapunguze taka. Wakitua kwenye ukingo wa dirisha, paka wangu taya linamtetemeka, meno yanagongana, anatoa kisauti kekekeke ambacho hakitumii popote pengine. Windo analiona, kulifikia hawezi, mzuka wote unaishia mdomoni. Kunguru wanaujua ule wavu wa dirishani, wanasogea karibu makusudi. Siku aliyoteremka chini walimshukia kundi zima mpaka akaingia uvunguni mwa gari.

Wavu wenyewe si wa mbu tu, ni wa kumzuia paka asianguke. Watu wanasema ana roho ya paka, hafi. Ni kweli hujigeuza hewani akatua kwa miguu. Mfaransa Étienne-Jules Marey alipiga mfululizo wa picha za paka anayeanguka mwaka 1894, inaonekana nusu ya mbele inazunguka kwanza, ya nyuma inafuata. Lakini kutua kwa miguu hakuzuii taya wala mguu kuvunjika. Fungeni madirisha.

Mama Lishe wa Feri
Hapa Feri boti zikiingia paka wameshapanga foleni kabla ya wanunuzi. Vichwa vya vibua, matumbo, wanamaliza. Ila yuko mmoja ananiibia maandazi. Paka na andazi wapi na wapi?

Mfugaji wa Mbezi
Anafuata mafuta, dada, sukari haijui. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba jeni inayotengeneza kionjo cha utamu kwa paka imeharibika. Duma naye yuko hivyohivyo. Mnyama wa kula nyama tupu utamu wa nini?

Kwa hiyo na wale wa ugali na mchuzi kila siku, angalieni. Mwili wa paka lazima upate taurini, nayo iko kwenye nyama na samaki. Akiikosa muda mrefu macho na moyo vinaharibika. Wekeni dagaa. Mchuzi wenye kitunguu acheni kabisa, unaharibu damu yake.

Mjomba Mbagala
Wangu nimemnunulia bakuli la maji, anakunywa kwenye ndoo ya chooni.

Mpangaji wa Tabata
Lisogeze bakuli mbali na chakula, Mjomba. Wengi hawapendi maji yaliyokaa pamoja na msosi. Na funika ndoo.

Kijana wa Tandika
Nani ana dawa ya makelele ya juu ya bati? Jike analia kama mtoto mchanga kuanzia saa nne usiku, madume manne yanapigana, asubuhi pazia langu linanuka mkojo. Wiki kadhaa baadaye anazaa kwenye kabati langu, mimi ambaye si mwenyewe, halafu anawahamishia watoto kwa jirani.

Mama wa Magomeni
Dawa ni moja, mwanangu: jike afungwe kizazi, madume yahasiwe. Paka anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na mimba yenyewe ni miezi miwili na siku chache. Uzao mmoja unaweza kuwa na baba tofauti, usishangae mmoja mweusi, mwingine wa madoa. Mkojo wa pazia ni dume anaweka mpaka. Kuhama na watoto ni woga tu. Ukifunguafungua kabati kuwatazama, anaona maficho yamejulikana.

Dada wa Sinza
Jamani mimi nawaletea tamu. Jaribuni hii: mtazameni paka, fumbeni macho polepole, fumbueni polepole. Wangu ananijibu vilevile. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walilipima jambo hilo, wakaona paka hufumba macho zaidi wakifanyiwa hivyo na hata humsogelea mtu mgeni kwa urahisi zaidi. Kukodolea macho kwao ni ugomvi, ndiyo maana mgeni asiyependa paka, asiyemwangalia kabisa, ndiye anayekaliwa mapajani.

Na ile kunikanda tumbo kwa miguu ya mbele nikilala ni ya utotoni, ndivyo kitoto kinavyokanda chuchu maziwa yatoke. Kinachouma ni kucha.

Baba wa Gongo la Mboto
Wakuu, la kwangu halichekeshi. Paka wangu dume tangu jana anaenda kwenye mchanga, anachutama, analia, hatoi kitu. Anajilamba sana huko nyuma. Nikimbeba anakoroma, nikadhani ameridhika. Nataka kumpa nusu ya panado.

Mfugaji wa Mbezi
Usimpe, mkuu! Parasetamoli inaua paka hata kwa kipande, ini lake haliwezi kuivunja. Na kukoroma si raha peke yake, hukoroma hata akiwa na maumivu makali. Dume anayechutama bila mkojo, njia imeziba. Hiyo usiihesabu kwenye tabia, ni dharura, anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Usimminye tumbo. Daktari wa mifugo leo hii.

Baba wa Gongo la Mboto
Leo Jumapili. Huku Ukonga kuna anayefungua?

Mpangaji wa Tabata
Angalia ujumbe wako wa faragha, nimekutumia namba. Piga kabla hujatoka umweleze hivyohivyo ulivyotueleza. Tafuta boksi gumu, toboa matundu, na uchukue bajaji, bodaboda itamtisha.