Tupeane uzoefu: kusafiri na shanta ugenini wakati wa mashindano makubwa ya soka

Ndugu zangu, mwaka 2027 Uganda, Kenya na Tanzania zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika, na wageni wengi watatufikia wakiwa na shanta mgongoni na fedha za kuhesabu. Kabla hawajafika, naomba waliowahi kuwa wageni wa namna hiyo katika nchi nyingine watusimulie walilala wapi, walisafirije kati ya mji na mji, na hasa wenyeji waliwatendea nini. Naanza mimi, mzaliwa wa Bombo, Uganda.

Mwaka 2019 nilikuwa Misri kwa kombe hilohilo. Mechi zote za Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, zilichezwa katika Uwanja wa Kimataifa wa Cairo, kwa hiyo nilipanga kitanda katika hosteli ya katikati ya mji na kutumia metro, ambayo njia yake ya tatu ina kituo karibu na uwanja. Ilikuwa lazima kwanza ujisajili mtandaoni upate kitambulisho cha shabiki, kwani bila hicho huingii. Mchezo dhidi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Juni 22, ulichezwa alasiri katika joto kali. Patrick Kaddu na Emmanuel Okwi wakafunga, tukashinda 2–0. Tangu jioni ile, kila nilipopita na jezi yangu, wauza chai waliniita Okwi na kunivutia kiti. Lugha yetu ya nyumbani, Kinubi, ambayo asili yake ni Kiarabu, ilinisaidia katika hesabu za sokoni na kuuliza njia, ingawa mazungumzo marefu yalinishinda.

Juni 30 tulikutana na wenyeji wenyewe, nami nikajikuta nimeketi katikati yao. Walitufunga 2–0, na mchezo ulipokwisha, familia iliyokuwa safu ya mbele yangu haikukubali niondoke peke yangu usiku ule. Walinipeleka kula koshari, kisha wakanifikisha hadi mlango wa hosteli. Tulivuka makundi, jambo ambalo Cranes hawakuwa wamelifanya tangu 1978, lakini Julai 5 bao la Sadio Mané wa Senegal likatutoa. Siku iliyofuata Misri nayo ikatolewa na Afrika Kusini. Mashabiki wakaanza kuondoka, bei ya kitanda ikashuka, nami nikapanda treni katika kituo cha Ramses kwenda Alexandria. Msafiri mwenye fedha kidogo namshauri abakize siku za baada ya timu yake kutolewa, kwa maana ndipo anapoiona nchi.

Kutoka Mengo, Kampala

Ahsante, mwanangu wa Bombo. Mimi nilikwenda Afrika Kusini mwaka 2010, kwenye Kombe la Dunia, kwa njia ya nchi kavu: basi hadi Dar es Salaam, treni ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kisha mabasi hadi Johannesburg. Wanaotoka kwetu husahau kwamba Juni kule ni kipupwe; blanketi lilinifaa kuliko kitu chochote nilichobeba. Sikuwa na uwezo wa kununua tiketi nyingi, hivyo mechi kadhaa nilizitazama kwenye skrini kubwa Soweto, na hapo ndipo nilipoona Ghana wakikosa penalti ile dhidi ya Uruguay, Julai 2, watu wa mataifa yote ya Afrika wakalia pamoja.

Lakini ninalotaka kulisimulia ni usiku wa fainali, Julai 11. Hispania walikuwa wameifunga Uholanzi, watu wanaimba barabarani, simu zikaanza kuingia: mabomu yamelipuka Kampala, Kabalagala na kwenye uwanja wa ragi wa Kyadondo, yakiwaua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ileile. Nilipiga simu nyumbani na laini hazikupatikana. Mwenye nyumba niliyopanga, mama wa Soweto, aliposikia habari aliamka, akawasha jiko, akakaa nami jikoni hadi alfajiri, simu ya mwanangu ilipopatikana. Hakutaka kodi ya usiku ule. Wageni watakapokuja kwetu, wawekeeni ulinzi wa kweli mahali pa kutazamia mpira, si uwanjani peke yake.

Kutoka Busia

Shikamoo, mzee, pole sana kwa usiku ule. Mimi safari yangu ni ya karibuni na fupi: CHAN ya Agosti 2025, yaani mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani. Niliingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, lakini kwa Tanzania hakikutosha, ilikuwa lazima uwe na pasipoti au hati nyingine ya kusafiria, jambo ambalo wenzangu wawili walilijua wakiwa wameshafika Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Nairobi nililala kwa shangazi; Dar es Salaam nilipanga nyumba ya wageni Temeke, karibu na Uwanja wa Benjamin Mkapa, na makondakta wa daladala walinielekeza bila kunidai nauli ya mgeni. Naomba bodaboda wetu wa Kampala walisikie hilo.

Kutoka Bombo tena

Shikamoo, mzee wangu, na ahsante, dada. Sasa ninayemtafuta ni aliyekwenda Gabon kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2017, kwa sababu Cranes walicheza Port-Gentil, mji ambao haukuwa na barabara ya kuufikia kutoka Libreville, mji mkuu, kisha wakacheza na Mali huko Oyem, kaskazini kabisa. Alivuka kwa boti au kwa ndege, na nani alimpokea?