Uliwahi kuzunguka nyika ya Dodoma na mwenzako kutwa nzima? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za jumapili. Kila nikisema naishi Dodoma watu wa Dar wananiuliza huko jangwani mnaonaga nini zaidi ya vumbi, nimechoka kubishana, sasa nataka ushahidi. Kwanza hapa si jangwa, ni nusu jangwa, mvua tunazo za msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, ikifika juni mito ya mchanga imekauka na unapita na gari ndani yake kabisa. Mwenye stori ya kuiacha lami asubuhi na mtu wake, awe mke, mshkaji, mkwe, yeyote, mkazunguka mpaka jua linazama, aimwage hapa. Mlienda wapi, na chombo gani, mliona nini, na mlirudi mnaongea au mmenuniana.

Naanza mimi. Tulitoka na wife alfajiri kwenda Kolo kuona michoro ya miambani, ni kama kilomita 180 kutoka mjini, unapita Kondoa unaendelea na barabara ya Babati. Lami mpaka Kolo haina shida, stori inaanza ukikata kwenda Mongomi, kwenye michoro yenyewe. Pale Kolo kuna ofisi ya mambo ya kale, unalipia na unapewa mtu wa kukuongoza, sisi tulipata mzee mmoja mpole lakini akishakaa kwenye siti ya mbele yeye ndo dereva wewe unashika usukani tu. Tulipofika kwenye mchanga wa mto nikapunguza upepo kwenye tairi zote, wife akavua viatu akatangulia kwa miguu. Anakanyaga, mguu ukizama mpaka kifundo ananipungia nihamie kushoto, akipata pagumu anaruka ruka pale pale nione, na mie namfuata kwa gia nzito bila kugusa breki. Mzee akacheka akaniambia mkeo huyu ungemwajiri.

Gari mnaiacha chini, juu mnapanda kwa miguu na jua lile la saa sita. Ila ukifika chini ya mwamba unasahau. Mchoro mwekundu, watu warefu wembamba, mkono mwembamba kama uzi, vichwa vimejaa mviringo mkubwa. Wife akasema hizo ni nywele zimechambuliwa, mzee akasema wapo wanaosema ni vinyago wamevaa, wakabishana hapo nusu saa nzima, mimi nimekaa kivulini nakunywa maji. Michoro myeupe imechorwa kwa kidole kinene na ni ya baadaye, ya wakulima, ile myekundu ni ya wawindaji wa zamani sana. Na msidhani ni makumbusho yaliyokufa, Warangi bado wanafanya matambiko pale, ukutani kuna matone ya pombe ya kienyeji waliyorushia, mzee akatuambia tusiguse chochote na hatukugusa. UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 2006 lakini siku ile tulikuwa wenyewe tu na pimbi.

Tulirudi tunaongea. Haya endeleeni.

Boxer_ya_Nkuhungu: Mkuu wewe una gari, sisi wengine ni toyo tu. Mimi na mshkaji wangu tulipakiana tukatokea Bahi, tukaiacha barabara ya Manyoni tukaingia kwenye ile mbuga. Kiangazi maji ya mto Bubu yakishakauka ule udongo mweusi unapasuka nyufa ambazo tairi ya mbele inaingia kabisa, kwa hiyo unatafuta njia ya ng'ombe tu, ng'ombe wanajua. Kule ndo niliona chamchela, ule upepo wa vumbi unaozunguka, limesimama kama mnara, jekundu, linatembea polepole, halafu likageuka kuja kwetu. Mshkaji anapiga kelele zima pikipiki zima pikipiki, nikazima, tukalala chini tumejifunika jaketi, likapita. Tulipoinuka kila mtu meno tu ndo meupe. Vijana wachungaji walikuwa wanatucheka pembeni, nikawapa mbukwa, salamu yao ya Kigogo, wakafurahi, wakatuonyesha kisima kimechimbwa kwenye mchanga wa korongo, unachimba kidogo unasubiri maji yanajikusanya yenyewe. Maji ya kisima kile mazuri kuliko ya chupa, mbishi aende akaonje.

Jioni tulipanda Kilimatinde, ukiwa pale juu ya ukingo wa bonde la ufa unaona lile bonde la Bahi lote tulilokuwa tunahangaika nalo mchana. Mshkaji akaniambia usinipigie simu wiki nzima. Tuko poa siku hizi lakini.

Mama_Wawili_Ipagala: Wanaume mnapenda kusema wife alitangulia mchangani, kwetu mimi ndo naendesha. Nilienda na wifi yangu, Mrangi wa Haubi, mume alibaki na watoto. Kutoka Kondoa kupanda kule Haubi ni rafurodi yenye kona na makorongo mekundu ambayo nyumba inaingia mzima, sitanii, unasimama ukingoni unatazama chini unaona miti imeota humo ndani na ndege wanaruka chini yako. Wifi ndo akanipa stori yake njia nzima. Kumbe ardhi ile ilikuwa imemomonyoka vibaya, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ukaanza 1973 na mwaka 1979 ikaamuliwa mifugo yote itoke kwenye lile eneo. Babu yake alikuwa na ng'ombe, wakaondoka, wengine wakapelekwa kwa ndugu mbali. Anasema nyumbani kwao ukitaja hiyo miaka wazee wanagawanyika, mmoja atakwambia angalia misitu ilivyorudi, mwingine atakwambia maziwa tulianza kununua. Mimi naona wote wana haki. Kufika ziwa Haubi tulikula makande tuliyobeba na kuku wa kuchoma, miguu imo majini, hatukuwa na haraka ya mtu.

Kwa maoni yangu mwenzako wa safari kama hii awe mtu wa huko huko. Bila wifi ningeona shimo jekundu na ziwa basi.

Mgogo_Original: Hapo kwenye mtu wa huko naunga mkono. Mimi mwenzangu alikuwa baba mkwe, na mnajua kukaa na mkwe kwenye gari kutwa nzima ilivyo, redio huwashi, kushusha kioo unaomba ruhusa. Alitaka tumzungushe Kongwa kwenye yale mashamba ya karanga ya mkoloni. Tukapita vijia vya ng'ombe katikati ya mibuyu, mzee anaonyesha kwa fimbo, Waingereza walianza hapa 1947, wakaleta matrekta na mengine yalikuwa vifaru vya vita vimegeuzwa, 1951 wakafunga, karanga hamna. Nikamuuliza baba kwa nini zilishindwa, akaniambia simamisha gari. Akashuka akachukua chepe langu akanipa nichimbe. Jamani lile chepe liligonga kama nimepiga sakafu! Udongo ule jua likishaupiga hakuna karanga ya kung'oka, na mvua yenyewe inakuja ikijisikia. Akasema ungewauliza babu zako wasingepoteza hela, akarudi kwenye gari. Tukarudi na gunia la mabuyu nyuma, mama mkwe akatengeneza juisi.

kijana_wa_Area_D: Sasa wakuu mbona wote mnasifia, hakuna aliyenuniana? Mimi nilienda na mchumba kuelekea Mtera, kuona ile miti mikavu iliyosimama ndani ya bwawa, nikakata njia ya vumbi ili tuone maji kwa karibu. Kila dakika kumi "bado?" kila dakika kumi. Gari ikachemsha, nikafungua boneti nasubiri rejeta ipoe maana ukifungua kifuniko ya moto inakuunguza uso, yeye yuko ndani anataka AC. Samaki tulikula wazuri lakini. Sasa hivi ni mchumba wa mtu mwingine na nawatakia heri.

Boxer_ya_Nkuhungu: 😂😂 mkuu pole, Mtera haina kosa hapo

Mama_Wawili_Ipagala: Na yeye angesimulia tungesikia mengine 😄

Mwanzisha mada: Nimecheka sana. Nyongeza kwa wanaojipanga: maji ya kunywa beba mengi kuliko unavyodhani na mengine ya rejeta, huko ndani hakuna duka. Beba kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki, mchangani jeki inazama yenyewe gari iko pale pale. Pampu ya kurudishia upepo muhimu, ukirudi lamini na tairi laini unaziua. Na ukiona wingu upande wa juu usipaki ndani ya korongo hata kama ulipo jua linawaka.

mgeni_mpya22: Samahani wakuu, gari ndogo kama IST inafika huko kwenye michoro?

Mwanzisha mada: Inafika mpaka ofisini Kolo. Hapo iache, uliza wenyeji bodaboda, na umuachie mzee siti ya mbele kama yupo.

mgeni_mpya22: Bodaboda ina siti ya mbele?

Mgogo_Original: Huyu ndo aende na baba mkwe.